Mtu Akiumia Kwenye Zamu Yako: Mwongozo kwa Msimamizi Mpya

Kila mara mtu akipandishwa cheo na kukabidhiwa zamu, maswali yanayonifikia ni yale yale. Niite gari kwanza au nimpigie bosi? Akikiri mwenyewe kwamba kosa ni lake, fidia ameikosa? Daktari ameandika "kazi nyepesi", sasa kazi nyepesi ni ipi wakati hapa kwetu kila kitu ni kizito? Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu nikiwa nimesimama mlangoni na begi begani, na leo nayaandika mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa watu wachache: msimamizi wa zamu, fundi mkuu, mkuu wa ghala, mkuu wa jikoni. Hautakufanya daktari wala wakili. Utakusaidia usiharibu mambo mawili ambayo yako mikononi mwako kabla daktari na wakili hawajafika, yaani dakika za kwanza na karatasi ya siku ile ile.

Nililijua hili kwa hasara ya mtu mwingine. Kijana wa zamu yangu aliteleza kwenye ngazi akiwa na boksi. Aliinuka anacheka, akajipangusa, nasi tukacheka naye, kazi ikaendelea. Asubuhi yake mkono haukupanda juu ya bega. Kano ilikuwa imechanika. Alipodai fidia, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: nani anathibitisha kwamba ulianguka kazini na si nyumbani? Daftari langu la siku ile lilikuwa na idadi ya maboksi yaliyoingia na yaliyotoka. Jina lake halimo. Haki yake aliipata, lakini baada ya miezi 11 ya kwenda na kurudi, na mwenye kosa hilo nilikuwa mimi.

Uwe na hivi kabla siku haijafika

Siku ya ajali si siku ya kutafuta vitu. Andaa leo:

- Sanduku la huduma ya kwanza lenye chachi, bendeji, plasta, glavu, mkasi, blanketi jepesi na mifuko safi ya plastiki. Lifungue kila mwezi. Sanduku likifungwa kwa kufuli na ufunguo ukawa kwa mtu wa likizo, huna sanduku.
- Angalau watu 2 katika kila zamu waliofunzwa huduma ya kwanza. Mmoja hatoshi, maana anaweza kuwa ndiye aliyeumia.
- Namba ya dharura ya mahali ulipo na njia ya kufika hospitali iliyo karibu yenye chumba cha dharura kinachofanya kazi usiku, zote zimebandikwa ukutani.
- Daftari la ajali lenye kurasa zilizopigwa namba. Karatasi zinazochomoka hupotea, nyingine hupotezwa.
- Orodha ya wafanyakazi na namba ya ndugu wa kupigiwa simu kwa kila mmoja. Vibarua wawemo.
- Jibu la maswali 3 kutoka kwa ofisi: bima yetu ya ajali kazini ni ipi, fomu ya taarifa iko wapi, na sheria ya nchi inatupa muda gani kutoa taarifa. Usipojibiwa, uliza kwa maandishi.

Hatua kwa hatua

1. Simama, angalia, zima. Kilichomwangusha mwenzako kinaweza kukuangusha na wewe. Kama ni umeme, usimguse kabla swichi kuu haijazimwa. Kama ni mashine, izime na uhakikishe hakuna atakayeiwasha. Kama kuna harufu ya gesi au moshi, usiingie kumfuata bila vifaa. Waokoaji wengi hufia humo humo. Kisha mteue mtu kwa jina apige simu ya dharura: "Asha, piga simu, uniambie wamejibu nini." Ukipaza sauti "jamani pigeni simu", kila mmoja atadhani mwingine amepiga.

2. Uhudumie mwili. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na mara nyingi kwa nia njema. Usiulize bado nani amekosea. Uliza anapumua vipi na damu inatoka wapi.

*Hapumui, au anatweta kwa mbali tu, wala haitiki:* anza kukandamiza kifua. Weka mikono katikati ya kifua, shuka sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa akandamize mara 30 kisha ampulizie pumzi 2. Ambaye hajafunzwa akandamize tu, mfululizo. Mpokezane kila dakika 2, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo, iwashe na ufuate inachosema.

*Damu nyingi:* bonyeza moja kwa moja juu ya jeraha kwa kitambaa safi na usiachie ili "kuchungulia". Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake ukizidi kubonyeza. Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na haikomi kwa kubonyeza, funga mkanda wa kubana damu juu ya jeraha, si kwenye kiungo, na uandike saa uliyoufunga. Ukishafungwa, atakayeufungua ni mtaalamu.

*Kitu kimechoma na kimebaki ndani:* usikichomoe. Huenda hicho hicho ndicho kinachozuia damu. Zungushia nguo kisitikisike.

*Kidole kimekatika:* kifunge kwa chachi safi iliyoloweshwa kidogo, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uuweke kwenye chombo chenye maji na barafu. Nyama isigusane na barafu moja kwa moja, itaungua kwa baridi na daktari hataweza kuirudisha.

*Kuungua moto au maji ya moto:* maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, ukiangalia saa. Vua pete na saa ya mkononi mapema kabla ya uvimbe. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga, na malengelenge usiyapasue. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache.

*Kemikali machoni:* suuza kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15 huku jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole. Chupa au lebo ya kemikali hiyo iende naye hospitali.

*Ameanguka kutoka juu:* mwache alale alivyo, mshike kichwa kisizunguke, isipokuwa eneo lenyewe ni la hatari. Tabia ya kumnyanyua mtu haraka na kumkalisha kwenye kiti "apate hewa" inaweza kuharibu uti wa mgongo ambao ulikuwa bado mzima.

*Kuteguka kifundo:* pumzisha, inua, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Akishindwa kupiga hatua 4 kwa mguu huo, akapigwe eksirei. Kukandwa na kunyooshwa na mtu yeyote kwanza kusubiri.

Usimpe chakula wala kinywaji mtu ambaye huenda akahitaji kupasuliwa, hata akiomba maji.

3. Mpeleke, na asiende peke yake. Anayemsindikiza abebe simu yenye chaji, namba ya ndugu na karatasi yenye mambo 3: nini kimetokea, saa ngapi, amefanyiwa nini. Hospitalini aseme wazi kwamba jeraha ni la kazini. Sentensi hiyo moja ikikosekana kwenye faili la mgonjwa, utaitafuta kwa miezi. Jeraha likiwa na uchafu au kutu, aulizie chanjo ya pepopunda. Wengi hawakumbuki walichanjwa lini.

Wako watatu wasiobaki kwa kusema "niko poa": aliyegonga kichwa, aliyepigwa na umeme mkubwa au akazimia, na aliyeanguka kutoka kimo kirefu. Aliyegonga kichwa anahitaji mtu wa kuwa naye kwa saa 24 za mwanzo walau. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au kichwa kikizidi kuuma, arudishwe hospitali papo hapo.

4. Linda eneo, piga picha. Kabla ya kudeki na kusogeza chochote, piga picha: kwa mbali, kwa karibu, sakafu, taa, mashine na kinga yake, ngazi na miguu yake. Kama ajali ni kubwa, usiguse mpaka wakaguzi waruhusu. *Onyo:* picha ya majeruhi mwenyewe haiendi kwenye kundi la WhatsApp. Mkewe asijue kwa njia hiyo.

5. Andika kabla zamu haijaisha. Andika ulichoona na ulichoambiwa, ukitenganisha hivyo viwili. Usiandike hukumu. Linganisha:

"Alikuwa mzembe, hakushika ngazi vizuri."

"Saa 4:20 asubuhi (10:20) alikuwa kipago cha 4 kutoka chini, ameshika boksi kwa mikono miwili. Mguu wa kushoto wa ngazi uliteleza. Sakafu ilikuwa na maji. Maji yalitoka kwenye bomba lililoripotiwa Jumatatu."

La kwanza halimsaidii mtu yeyote. La pili linamwonyesha fundi mahali pa kurekebisha na linaipa kampuni ya bima jambo la kushika. Hizo saa mbili nilizoandika si madoido. Hospitali itaandika 10:20, wewe utaandika saa 4:20, na mtu anayetafuta sababu ya kukataa dai atasema maelezo hayalingani. Andika zote mbili.

Mashuhuda waandike kila mmoja peke yake, kwa maneno yake, bila kukaa meza moja. Wakiandika pamoja utapata maelezo matatu yenye sentensi moja, na hakuna atakayeyaamini. Wasaini, watie tarehe. Majeruhi naye apewe nakala.

6. Toa taarifa rasmi. Kwa mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama umeshampigia simu. Kwa mamlaka ya usalama kazini na kampuni ya bima, kwa muda uliowekwa na sheria ya nchi yako, na muda huo unaweza kuwa mfupi kuliko unavyodhani. Marekani, kwa mfano, kifo kazini huripotiwa ndani ya saa 8. Kulazwa hospitali, kukatika kiungo au kupoteza jicho ndani ya saa 24. Ujue pia kwamba muda wa kuripoti ajali, muda wa kudai fidia na muda wa kufungua kesi ni mitatu tofauti. Uingereza kesi ya jeraha kwa kawaida ina miaka 3, na watu huisikia "miaka 3" hiyo wakadhani kila mlango uko wazi muda wote huo.

7. Mweleze haki yake, usiahidi. Msimamizi mwoga hunyamaza, msimamizi mkarimu huahidi. Wote wawili humponza mtu. Mwambie hivi tu: kuna utaratibu wa fidia, fomu ni hii, tarehe ya mwisho ni hii, na ana ruhusa ya kumwona wakili au chama chake cha wafanyakazi.

Kuhusu lile swali la kosa: mifumo mingi ya fidia ya ajali kazini haiulizi nani amekosea. Ujerumani ilianza bima ya namna hiyo mwaka 1884, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo: ukiumia ukiwa kazini kwa ajili ya kazi, unalipwa hata kama uliteleza kwa kutokuwa makini. Kinachoweza kuharibu dai ni mambo kama ulevi au kujiumiza kwa makusudi. Kesi ya uzembe mahakamani ni mlango mwingine, na huko kosa huulizwa. Nchi nyingine humruhusu mfanyakazi kuingia milango yote miwili, nyingine humzuia kumshtaki mwajiri lakini humwachia njia ya kumshtaki mtengenezaji wa mashine. Hapo ndipo wakili anapohitajika, si wewe.

*Onyo kubwa:* asisaini karatasi ya "nimelipwa, sina dai tena" kabla daktari hajasema hali yake imefikia mwisho wa kupona. Bega linaloonekana limepona katika wiki ya 3 linaweza kuhitaji kupasuliwa mwezi wa 5, na saini haipasuliwi.

8. Mpigie simu akiwa nyumbani. Mara moja kwa wiki yatosha. Muulize anaendeleaje, amelipwa mshahara wake, kuna karatasi gani imekwama. Usiulize "unarudi lini?" katika simu ya kwanza. Habari za ugonjwa wake ni zake. Wenzake wakiuliza, jibu ni "anaendelea na matibabu, anawasalimu".

9. Mrudishe kazini kwa vipimo, si kwa huruma. "Kazi nyepesi" ni neno lisilo na maana mpaka litiwe namba. Muombe daktari, kupitia mfanyakazi mwenyewe, ajaze: kilo ngapi anaweza kuinua, asimame dakika ngapi mfululizo, mkono upande mpaka wapi, apande ngazi au asipande, na vizuizi hivyo ni mpaka tarehe ipi. Kisha kaa naye, mwandike kazi zote za zamu, mpige mstari zile asizoweza. Karibu kila mahali hubaki kitu cha kweli cha kufanya: kukagua mzigo unaoingia, kuandika stoo, kumfundisha mgeni. Usimkalishe kwenye benchi siku nzima akitazamwa. Nimeona mtu aliyevumilia mfupa uliovunjika akashindwa kuvumilia benchi hilo.

Aanze saa chache, muongeze wiki kwa wiki, na mkague pamoja kila Ijumaa. Kipimo chepesi ni asubuhi inayofuata: maumivu kidogo yaliyotulia mpaka kesho yake si tatizo, yakiamka makubwa zaidi, punguza mzigo.

Maumivu ya mgongo yana kasumba yake. Watu wengi bado huamini dawa yake ni kulala kitandani mpaka yaishe. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kujongea taratibu ndani ya kiasi anachoweza humsaidia kupona kuliko kulala siku nyingi. Lakini akipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, akashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukaishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

10. Rekebisha chanzo. Ukiandika "wafanyakazi wakumbushwe kuwa waangalifu", hujarekebisha kitu. Anza juu ukishuka: hatari inaweza kuondolewa kabisa? Inaweza kubadilishwa na kitu salama zaidi? Inaweza kuzuiwa kwa kinga ya mashine au uzio? Utaratibu ubadilike? Glavu na kofia ngumu huja mwisho, maana hulinda pale tu zinapovaliwa. Kwa ile ngazi yangu, jibu halikuwa semina. Tulilitengeneza bomba na kuyashusha maboksi kwenye rafu ya chini.

Mambo yakikwama

*Majeruhi anakataa hospitali.* Huwezi kumbeba kwa nguvu akiwa na akili zake timamu. Mweleze hatari mbele ya shahidi, andika kwamba amekataa, asaini, mpe dalili za kuangalia, mpigie jioni. Aliyegonga kichwa na sasa anachanganya maneno hana akili timamu ya kukataa, ita gari.

*Bosi anasema usiandike.* Muombe agizo hilo kwa maandishi. Kwa kawaida halitaandikwa. Wewe andika taarifa yako, ipeleke kwa njia inayoacha tarehe, kama barua pepe, na ubaki na nakala. Nchi nyingi huhesabu kuficha ajali kuwa kosa la kisheria, na likifika mahakamani sahihi inayotafutwa ni ya msimamizi wa zamu.

*Ni kibarua, hana mkataba.* Mhudumie na umwandike sawa na wengine. Kama ana haki au hana ni swali la sheria ya nchi, na mara nyingi jibu ni zuri kuliko alivyoambiwa. Ushahidi kwamba alikuwepo siku hiyo (karatasi ya mahudhurio, malipo ya simu, picha) uutunze mapema.

*Maumivu yametokea siku ya tatu.* Andika taarifa mpya yenye tarehe ya leo ikieleza tukio la siku ile. Usirudi nyuma kupachika maneno kwenye ukurasa wa zamani, hata kama ni ya kweli, kwa sababu ukurasa uliochezewa huangusha daftari zima.

*Hakuna aliyeona.* Andika nani alimwona dakika chache kabla, nani alikuwa wa kwanza kumkuta, alisema nini, nguo zilikuwaje. Kamera ikiwepo, omba nakala siku hiyo. Nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache.

*Wenzake wanasema anajifanya.* Huna eksirei machoni. Mwachie daktari, na mzaha huo uukate mbele ya wote mara ya kwanza tu unapoanza. Ukiuacha, atakayefuata kuumia ataficha jeraha.

*Zamu imekataa kurudi kwenye mashine ile ile.* Usiwatishe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari iliyo karibu na kubwa kwa sababu za msingi. Waonyeshe kilichorekebishwa, iwashe wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale wanaposimama wao. Ukisita kuiwasha, nao wana haki ya kusita.

*Aliyeumia ni wewe.* Mpe daftari mtu wa pili kwa cheo na umwambie aandike yeye. Usijisindikize hospitali mwenyewe ukiendesha gari.